Jicho la Upepo: Asili ya Neno na Uhai wa Askari

Usiku wa baridi huko milimani, mlinzi hutamani mambo mawili tu: moto na usingizi. Nayakumbuka hayo kwa sababu yaliwahi kunitia hatarini. Nilikuwa kijana, nasi tulikuwa watano katika kibanda kimoja cha walinzi kilichojengwa kwa mawe na kuezekwa kwa mabati. Kilikuwa na mlango mmoja, na tundu moja la mraba ukutani, lisilo na kioo wala ubao. Upepo uliingia humo kama mtu aliyekuja kudai deni. Mwenzetu mmoja akalishindilia gunia, mwingine akaingiza jiko la makaa yaliyokwisha kushika, mlango tukaurudisha. Tukausifu ujanja wetu, tukajifunika makoti, tukasinzia.

Koplo wa zamu, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alipokuja kukagua lindo hakuanza kwa kutugombeza. Aliupiga mlango teke, akalitoa jiko nje, akalichomoa lile gunia. Kisha akatuburuta nje mmoja mmoja. Kichwa kilikuwa kikiniuma kana kwamba kimekazwa kwa kamba, na miguu yangu haikunitii. Tulipokwisha kurejewa na fahamu pale kwenye umande, ndipo aliposema: "Vijana, nyumba nayo ina jicho lake. Ninyi mmeipofua, nayo ilikuwa tayari kuwazika."

Nilidhani hayo ni maneno ya mzee tu. Ilipita miaka mingi ndipo nilipofunua kamusi ya asili za maneno ya Kiingereza na kuona kwamba koplo yule, ambaye hakuwa msomi wa lugha za kigeni, alikuwa ametamka maana halisi ya neno ambalo wasemaji wengi wa Kiingereza hulitumia kila siku bila kuijua maana hiyo. Neno lenyewe ni "window", yaani dirisha. Makala haya yanakusudia kueleza neno hilo limetoka wapi, ndugu zake ni maneno gani, na kwa nini askari na polisi wana sababu ya kulikumbuka kuliko watu wengine.

MANENO MAWILI NDANI YA MOJA

Kwa anayelitazama juu juu, "window" ni neno moja. Kwa asili, hata hivyo, ni maneno mawili yaliyounganishwa, tena hayakuzaliwa Uingereza. Yalitoka katika lugha ya kale ya watu wa Kaskazini ya Ulaya, mababu wa Wadenmaki, Wanorwe na Waisilandi wa leo. Katika lugha hiyo "vindr" ni upepo, na "auga" ni jicho. Yalipounganishwa yakawa "vindauga", yaani jicho la upepo. Wadenmaki hata leo husema "vindue", na Wanorwe husema "vindu". Hata Waairishi walilichukua neno hilo hilo kutoka kwa mabaharia wa Kaskazini, wakaligeuza kwa matamshi yao likawa "fuinneog".

Kwa nini jicho, na kwa nini la upepo? Yafaa tuzikumbuke nyumba walizoishi watu wale. Zilikuwa nyumba ndefu, zenye kuta za mbao au za mabonge ya udongo wenye nyasi, na moto ukiwaka katikati ya sakafu. Kioo cha kuweka dirishani hawakuwa nacho. Tundu liliachwa juu, katika paa au karibu na paa, ili moshi upate njia ya kutoka na hewa safi ipate njia ya kuingia. Mwanga nao uliingia humo humo. Mtu aliyeketi chini penye giza na kuinua uso wake aliona doa moja jeupe likimtazama kutoka juu. Si ajabu akaliita jicho.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Siku hizi tukilisikia neno dirisha, fikra zetu huenda kwenye kioo, pazia na mandhari ya nje. Lakini neno hili la Kiingereza lilizaliwa kabla ya mambo yote hayo. Lilikuwa jina la tundu la kupitisha hewa. Kioo kilikuja baadaye kama mgeni, kikaketi ndani ya jina la mwenyeji.

NENO LILILOKUJA KWA MASHUA ZA VITA

Neno hilo liliingia Uingereza kwa njia ambayo askari hatashangaa kuisikia. Mwaka 793 wavamizi kutoka Kaskazini walishambulia nyumba ya watawa katika kisiwa cha Lindisfarne, pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza. Mwaka 865 likaja jeshi kubwa, nalo halikuja kwa ajili ya kupora na kuondoka. Wengi wao walikaa, wakalima na wakaoa. Mwaka 1016 Cnut wa Denmaki akawa mfalme wa Uingereza nzima. Mashariki na kaskazini ya nchi, mvamizi wa jana akawa jirani wa leo, na maneno yakavuka ua kama yavukavyo mayai na moto.

Kiingereza kilipata kutoka kwa majirani hao maneno mengi ya kila siku. "Knife", kisu, ni neno lao. "Egg", yai, ni lao. Hata "law", yaani sheria, ambalo polisi anayetumia Kiingereza hulitamka mara nyingi kwa siku moja, liliingia Uingereza na watu wale wale ambao Waingereza waliwaona kuwa maadui wa sheria zote. Historia ina mzaha wake. "Window" linaonekana katika maandishi ya Kiingereza mnamo mwanzo wa karne ya 13, nalo bila shaka lilikuwa limekwisha kukaa vinywani mwa watu muda mrefu kabla ya hapo.

Je, Waingereza walisemaje kabla ya kulipokea? Nao walikuwa na maneno yao yaliyounganishwa. Moja lilikuwa "eagthyrl", yaani tundu la jicho. Jingine lilikuwa "eagduru", yaani mlango wa jicho. Neno "thyrel", lenye maana ya tundu, limekufa katika matumizi ya kawaida, ila limejificha mahali pamoja ambapo kila mtu hupita bila kuliona: katika neno "nostril", ambalo kwa asili ni tundu la pua. Nasi Waswahili husema vivyo hivyo, tundu la pua. Basi wahenga wa Kiingereza waliitazama nyumba kama walivyoutazama mwili. Mwili una matundu ya kuonea na matundu ya kuvutia pumzi, na nyumba haina budi kuwa nayo.

Baada ya mwaka 1066, watawala wapya kutoka Normandi walikuja na neno lao, "fenestre", lenye asili ya Kilatini. Kwa karne kadhaa maneno hayo mawili yaliishi pamoja. Hata hivyo, kufikia katikati ya karne ya 16 neno la Kilatini lilikuwa limeishiwa nguvu katika Kiingereza, na jicho la upepo likabaki peke yake. Wajerumani na Wafaransa wao walibaki na neno la Kilatini mpaka leo.

MLANGO MDOGO NA NDUGU ZAKE

Msomaji atauliza: na dirisha letu je? Dirisha nalo ni msafiri. Asili yake ni Kiajemi, ambamo "dar" ni mlango, na kiambishi cha mwisho huudogosha mlango huo. "Dariche" ni kimlango, na pia ni dirisha. Waarabu wa Ghuba husema "darisha". Neno likaja kwa bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika ya Mashariki, likawa la Kiswahili. Na kutoka Kiswahili likapanda bara. Waganda husema "eddirisa", na Wanyarwanda husema "idirishya". Kwa hiyo mjenzi wa Kampala na mjenzi wa Kigali, kila mmoja katika lugha yake, hutaja mlango mdogo wa Waajemi.

Wareno walifikiri kama Waajemi: neno lao "janela" latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mlango mdogo. Wahispania walifikiri kama watu wa Kaskazini: "ventana" yao imetokana na "ventus", upepo kwa Kilatini. Na wataalamu wa lugha wanatufundisha kwamba "ventus" hilo la Warumi na "wind" ya Waingereza ni ndugu wa damu, watoto wa shina moja la kale sana.

Ukiyakusanya majina hayo yote, utaona kwamba mataifa yalilitazama tundu lile lile kwa njia tatu: kama jicho, kama mlango mdogo, na kama njia ya upepo. Hakuna hata jina moja kati ya hayo lililotaja kioo.

TUNDU LA MPIGA MISHALE

Dirisha lina ndugu mwingine ambaye askari anamjua kwa macho hata kama hamjui kwa jina. Ni "loophole", neno jingine la Kiingereza lililounganishwa kutokana na mawili. Sehemu yake ya kwanza, "loop", haihusiani na kitanzi kama wengi wanavyodhani. Katika karne ya 14 ilikuwa na maana ya mwanya mwembamba katika ukuta, na huenda chanzo chake ni neno la Kiholanzi cha kale lenye maana ya kuchungulia. Mwishoni mwa karne ya 16 watu waliliongezea "hole", tundu, ili maana isipotee.

Mwanya huo ulikuwa dirisha la ngome. Kwa nje ulikuwa mwembamba kiasi cha kumnyima adui shabaha; kwa ndani ulipanuka ili mpiga mishale apate nafasi ya kugeuka kulia na kushoto. Ulimpa mlinzi mwanga, hewa na uwanja wa kulenga, na adui ukampa ukuta mtupu. Wahandisi wa vita wameendelea kuutumia ubunifu huo hata katika mahandaki ya zama za bunduki.

Kufikia katikati ya karne ya 17 neno hilo lilikwisha kupata maana ya pili, ambayo polisi anaifahamu zaidi: mwanya wa sheria, pale ambapo mjanja hupenya pasipo kuvunja ukuta. Mwanya ambao mwenye ngome aliuacha kwa faida yake mwenyewe, mwingine huutumia kuponyoka. Maana zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: tundu lolote ukutani ni lazima liwe na mtu anayelijua, anayelisimamia, na anayeweza kusema limewekwa kwa ajili gani.

Yupo atakayesema kwamba kama tundu ni uhai, basi yaachwe wazi yote siku zote. Sivyo. Julai 1545 manowari ya Kiingereza iitwayo Mary Rose ilizama karibu na pwani yake yenyewe, mfalme akitazama. Ililala upande ilipokuwa ikigeuka, na maji yakaingia kwa wingi katika matundu ya mizinga yaliyokuwa wazi. Jicho la upepo lina kope, na kope ina wakati wake wa kufumba. Tofauti iko katika kujua ni wakati gani wa kufumba na ni wakati gani wa kufumbua.

USIKU MMOJA KATIKA TUNDU JEUSI

Sasa tuone yaliyowapata watu pale jicho liliposahauliwa. Mfano wa kwanza unawahusu wale walindao vyumba vya mahabusu, nao jina lake tena ni neno la Kiingereza lililounganishwa: "Black Hole", Tundu Jeusi.

Juni 1756 Siraj ud-Daulah, Nawabu wa Bengal huko India, aliiteka ngome ya Fort William mjini Calcutta, iliyokuwa mali ya kampuni ya biashara ya Waingereza. Usiku wa tarehe 20 mateka waliingizwa katika chumba kimoja chenye urefu wa futi 18 hivi na upana wa futi 14 hivi. Kilikuwa na madirisha mawili madogo yenye vyuma. Ulikuwa msimu wa joto kali. Mlango ukafungwa mpaka asubuhi.

John Zephaniah Holwell, mmoja wa walionusurika, aliandika kwamba waliingia watu 146 wakatoka hai 23. Wanahistoria wa baadaye wameitilia shaka hesabu hiyo, na baadhi yao wamekadiria kwamba walioingia walikuwa 64 hivi na walionusurika 21. Tuichukue hesabu ndogo: hata hiyo ni maiti 43 kwa usiku mmoja. Hakuna aliyefuta upanga. Waliuawa na joto, kiu, msongamano na ukosefu wa hewa. Wanahistoria wengi huona kwamba Nawabu mwenyewe hakuamuru wafe. Walinzi waliambiwa wawafungie, wakawafungia. Hakuna aliyehesabu watu, akahesabu madirisha, kisha akalinganisha hesabu hizo mbili.

Na chumba kile hakikujengwa na Nawabu. Kilikuwa chumba cha adhabu cha ngome ile ile, kilichojengwa na Waingereza kwa ajili ya askari wao wenyewe waliokosa nidhamu. Aliyepunguza madirisha ya wengine aliyakuta yamepunguzwa siku ilipofika zamu yake.

KODI JUU YA HEWA

Mfano wa pili ni wa wakati wa amani. Mwaka 1696, katika enzi ya Mfalme William wa Tatu, Bunge la Uingereza lilianzisha kodi ya madirisha. Kila nyumba ilitozwa shilingi mbili, na nyumba yenye madirisha zaidi ya kumi ilitozwa zaidi. Nia ilikuwa njema kwa jinsi yake: tajiri ana madirisha mengi, basi na alipe zaidi, na mtoza kodi aweza kuyahesabu akiwa barabarani bila kuingia ndani ya nyumba ya mtu.

Lakini watu wakajibu kwa matofali. Madirisha yakazibwa, na mpaka leo katika miji ya Uingereza zipo nyumba za zamani ambazo kuta zake zinaonyesha mahali palipokuwa na dirisha. Mzigo mkubwa ukawaangukia maskini wa mijini. Jengo lenye wapangaji wengi lilihesabiwa kama nyumba moja, na mwenye jengo akaona heri azibe madirisha ya wapangaji kuliko kuyalipia. Madaktari na watetezi wa afya walipiga kelele kwamba giza na hewa iliyovunda vinazaa maradhi. Kodi ilifutwa mwaka 1851, baada ya miaka 155. Ufaransa nayo ilianzisha kodi ya milango na madirisha mwaka 1798, isiifute hadi mwaka 1926.

KAMBI ILIYOSHINDA VITA KWA KUUA

Mfano wa tatu ni wa askari wenyewe. Katika vita vya Krimea, hospitali kuu ya jeshi la Uingereza ilikuwa Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, katika jengo kubwa lililokuwa kambi ya jeshi la Uturuki. Florence Nightingale alifika huko Novemba 1854 pamoja na wauguzi 38. Waliolazwa walijaa hadi koridoni. Chini ya jengo mlikuwa na mifereji ya uchafu iliyoziba. Madirisha hayakutosha kuitoa hewa mbaya. Februari 1855, katika kila wagonjwa 100, walikufa 42 hivi, wengi wao kwa maradhi na si kwa majeraha ya vita.

Machi mwaka huo ilifika tume ya afya kutoka London. Wajumbe wake walizibua mifereji, wakaondoa mizoga, wakapunguza msongamano na kuiingiza hewa wodini. Kufikia Juni vifo vilikuwa vimeshuka hadi viwili hivi katika kila wagonjwa 100. Si dirisha peke yake lililofanya kazi hiyo, lakini halikukosekana katika kazi hiyo.

Aliporudi nyumbani Nightingale alikwenda mbele zaidi. Alikusanya hesabu za askari waliokaa kambini Uingereza wakati wa amani. Hawa walikuwa vijana waliochaguliwa na madaktari kwa uzima wa miili yao, wakalishwa na kuvikwa na serikali. Tume ya kifalme iliyoundwa mwaka 1857 ilionyesha kwamba vijana hao walikuwa wakifa karibu mara mbili ya raia wa umri wao. Wauaji wao wakubwa walikuwa maradhi ya mapafu na homa, katika vyumba vya kulala vilivyojaa watu na kufungwa usiku kucha. Nightingale hakuyapamba maneno: alisema kuwaacha wafe hivyo ni kosa sawa na kuwatoa uwanjani kila mwaka askari 1,100 na kuwapiga risasi.

Ndipo kambi zilipoanza kutengenezwa upya, na kipimo kikawekwa: kila askari apate nafasi ya hewa ya futi za ujazo 600. Kwa anayetaka kukiona kipimo hicho kwa macho, ni sawa na nafasi yenye urefu wa futi kumi, upana wa futi sita na kimo cha futi kumi. Akisha kuipima, na ahesabu vitanda vilivyomo katika chumba chake.

ADUI ASIYE NA HARUFU

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni ya karne zilizopita. Basi tuyatazame ya leo.

Makaa yanapowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikerezi koo. Ikiingia mapafuni huyashika madini ya chuma yaliyomo katika damu, mahali ambapo oksijeni ingeshika, na huyashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inaendelea kuzunguka, ila haibebi kitu. Jiko linalodanganya watu kuliko yote ni lile lenye makaa mekundu yasiyotoa moshi, kwa kuwa mtu huamini kwamba moshi ndio hatari, na moshi ukiisha hatari nayo imekwisha.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu wa miguu, na aliyelala huenda asiamke kuzihisi. Gesi hiyo hiyo hutoka katika jenereta inayonguruma ndani ya banda, na katika injini ya lori lililoachwa likiunguruma ndani ya gereji iliyofungwa. Wanapoonekana wenzio katika hali hiyo, kazi ya kwanza ni ile aliyoifanya koplo wetu: fungua mlango na dirisha, watoe nje penye hewa, ndipo umwite daktari. Wala chumba hakiachwi bila tundu la hewa kwa sababu ya baridi. Baridi hufukuzwa kwa blanketi.

Adui wa pili ni kifua kikuu. Vijidudu vyake hutoka kwa pumzi na kikohozi cha mgonjwa na kuelea hewani, na katika chumba kilichofungwa vinaweza kubaki hewani kwa saa nyingi. Ndiyo maana mabweni, magereza na vyumba vya mahabusu huwa makazi yake. Mwaka 2007 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika vyumba 70 vya hospitali nane mjini Lima, nchini Peru. Madirisha na milango ilipokuwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika mara 28 hivi kwa saa. Katika vyumba vyenye mashine za kubadilisha hewa, ilibadilika mara 12. Tena majengo ya zamani, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yaliyashinda majengo mapya. Dirisha ambalo halikugharimu hata senti ya umeme lilifanya kazi zaidi ya mara mbili ya mashine.

Kwa hiyo mkuu wa kituo anayeingia kukagua chumba cha mahabusu ana maswali mawili ya kuuliza kabla ya kukagua kufuli: watu ni wangapi, na hewa inapita wapi? Na askari wa zamu anayeona tundu limezibwa kwa gunia, kwa karatasi au kwa matofali, asipite. Tundu lile halikusahauliwa na fundi. Lilichorwa katika ramani ya nyumba, likapimwa, na likaachwa kwa makusudi.

KOPLO NA KAMUSI

Tangu nilipoifunua kamusi ile, nimeipenda zaidi kazi ya maneno. Neno huvumilia kuliko nyumba. Nyumba ndefu za watu wa Kaskazini zimeoza zamani, mashua zao zimezama, na wafalme wao wamekuwa mavumbi. Lakini kila mtoto wa shule anayeandika "window" katika daftari lake huandika, bila kujua, kwamba nyumba ina jicho na kwamba jicho hilo ni la upepo. Wazee walioishi na moshi walijua lililo muhimu, wakalihifadhi katika jina ili vizazi visilipoteze.

Koplo yule alistaafu muda mfupi baada ya usiku ule, nami sikupata kumweleza nilichokisoma. Sidhani kwamba angeshangaa. Kibanda kile nilipita tena kukiona miaka kadhaa baadaye, nikiwa safarini. Bado kilikuwa na walinzi, na bado kulikuwa na baridi. Tundu lilikuwa pale pale, wazi. Chini yake, ukutani, mtu alikuwa ameandika kwa makaa, kwa herufi kubwa zisizonyooka: USIZIBE.